Muhogo ruhusa, mti marufuku

Mwaka 2006 nlipanda miche kumi na mbili ya mvinje nyuma ya mihogo yangu, nikaipanga mstari mmoja kufuata mpaka wa shamba ili isile nafasi, na kila jioni nikitoka kisimani naimwagia maji kopo kopo. Hesabu yangu ilikuwa ikifika miaka minne mitano nauza nguzo, si unajua mvinje unakwenda juu haraka na mafundi wa ujenzi wanautafuta. Ilikaa wiki sita. Msimamizi wa shamba alipopita kukusanya ijara, kodi ya shamba, akaiona, hakusema neno, akaingia akang'oa mmoja mmoja kwa mkono wake akanirushia pale miguuni, ndo akafungua mdomo: "Mama, muhogo ruhusa. Mti marufuku. Ushasahau?"

Nlikuwa sijasahau, nlijaribu tu. Na hapo ndo inapoanzia hadithi yangu ya mikoko, ile miti inayoota kwenye tope la bahari.

Kwa asiyejua mambo ya huku kwetu Pwani, mti ni ushahidi. Ukitokea ugomvi wa ardhi wazee wakikaa kitako, swali la kwanza ni nani alopanda ule mwembe, nani alopanda minazi ile, na barabara ikipitishwa watu wakalipwa fidia, miti nayo inahesabiwa. Kwa hivo mwenye shamba anakuachia ulime mahindi, kunde, mchicha, mihogo, chochote kinachoisha na msimu wake, lakini mnazi, mkorosho, mwembe usithubutu, manake mti wako ukishika mizizi na wewe ushashika. Mambo haya hayakuanza jana. Ile sheria ya hati ya ardhi ya 1908 hapa mwambao, waliojua wakaandikisha, wasiojua, na wengi wao ni Mijikenda, wakaamka siku moja wanaambiwa mahali walipozaliwa pana mwenyewe. Mpaka leo Mombasa mtu ana nyumba yake ya jasho lake lakini kiwanja si chake, analipia ardhi kila mwezi, na hakuna anayeshangaa. Mimi nimelima upande huu wa Kisauni, kule chini karibu na mkono wa bahari wa Tudor, zaidi ya miaka ishirini, na katika miaka yote hiyo sikuwa na mti hata wa kufungia mbuzi kamba.

Sasa mikoko. Niseme ukweli mapema kabla hamjaniona mtakatifu, mimi na mkoko tulijuana kwa panga. Msimu wa mihogo kuharibika au mvua kukata, watu wa kule kwetu tulikuwa tunashuka maji yakipwa, tunakata fito, tunakata kuni za mkandaa, tunapanda nazo usiku. Nguzo na boriti kubwa zilikuwa zimeshaisha, mtu mzima ungezunguka siku nzima usipate korija moja, miti ishirini tu, ya mazio ya maana, kwa hivo tulikuwa tunamaliza wadogo. Wengine walichoma mkaa humo humo ndani, wengine walikuwa na mapipa yao ya chang'aa, na huko usingekwenda peke yako. Halafu mvua ya Elnino ya 1997 ilishusha tope kutoka bara, kule Mwache upande wa Port Reitz mikoko ilizikwa mizizi ikakauka imesimama wima, ekari na ekari, na huku kwetu pia palikuwa na mabaka meupe ya tope tupu ambayo ukipita na jua la saa saba unafunga macho.

2009 jirani yangu, mama mmoja anayeuza mahamri, akaja kuniambia kuna kikundi kinataka watu wa kupanda mikoko, unalipwa shilingi tano kwa mche. Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia dada yangu, bahari tangu lini inalimwa? Akaniambia wewe si huna pa kupanda mti, huko hapana msimamizi. Lile neno likaniingia, nikaenda.

Siku ya kwanza ilikuwa arusi. Mabasi yakaja, watu wamevaa fulana za rangi moja, spika, maji ya chupa, hotuba ndefu na maji yanarudi, sisi tunaojua bahari tunatazamana, yaani hawa wanataka kushindana na bamvuo, yale maji makubwa ya mwezi? Mwishowe tukateremka mbio. Tukapanda maelfu kwa saa moja na nusu, ule unaoitwa mkoko wenyewe, aina moja tu, tukauchomeka kule mbele kabisa kwenye tope laini mbele ya maji manake ndiko kulikokuwa wazi na picha zinatoka vizuri. Nlipata hela yangu ya siku hiyo nikanunua unga na mafuta. Baada ya miezi mitatu nikaenda kuchungulia. Nlikuta vijiti. Vingine vimebebwa, vingine vimevaa chaza wadogo wadogo kama wamevishwa soksi, vingine vimefunikwa na pampasi na magunia yanayoletwa na maji. Sidhani kama katika kila mia kulikuwa na mmoja mzima. Na mwaka uliofuata wakaja tena, mahali pale pale, nao wakalipa tena kwa mche, na sisi tukapanda tena. Nani angekataa? Ukilipwa kwa kupanda utapanda, na mche ukifa utalipwa kuupanda tena. Nlikuwa nalijua hilo na nlinyamaza, najilaumu kidogo lakini si sana, nlikuwa na watoto watatu shule.

Alotufungua macho ni mzee mmoja mvuvi, hakusoma hata madrasa hakumaliza, alikuwa akipita na kidau chake anatuangalia anatikisa kichwa. Siku moja nkamuuliza mzee mbona unatucheka. Akasema, "Mwanangu, hapo ni kwa mlilana. Mnampeleka mkoko kwa watu, ataishi vipi?" Akatutembeza. Kumbe mikoko ina mitaa yake kama Mombasa ilivyo na mitaa yake! Mbele kabisa wanaokaa na mawimbi ni mlilana, ule wenye mizizi imetoka juu kama pembe. Nyuma yake ndo mkoko wenye miguu ya buibui. Kisha msinzi na mkandaa. Mchu unakaa nyuma huko pakavu penye chumvi kali, ingawa nao mjanja, wakati mwingine utaukuta mpaka mbele. Mkomafi wenye matunda kama mipira unapenda pembezoni kule maji yanakofika kwa kuchoka. Kenya nzima ni aina tisa, na sisi tulikuwa tunapanda moja kwa nguvu kila mahali kwa sababu mbegu yake ni rahisi kuokota na rahisi kuchomeka.

Baadaye watu wa utafiti wa bahari kutoka KMFRI nao walikuja wakatwambia yale yale ya mzee, ila wao walikuwa na kamba za kupimia. Wakatufundisha mambo ambayo sasa nayafanya nikiwa nimelala. Mbegu ya mkoko, ile ndefu ya kijani inayoning'inia, usiitungue ikiwa mbichi, subiri pale juu inaposhikana na tunda pafanye ukosi wa njano, hapo hata ukiigusa inadondoka yenyewe. Ichomeke theluthi moja tu kwenye tope, kichwa juu (msicheke, nimeona mtu mzima wa ofisini amepanda miguu juu safu nzima). Angalia kaa wale wadogo, wanapenda mbegu changa kama watoto na muwa, ukiziweka kivulini siku chache zikasinyaa kidogo hawazishambulii sana. Na kabla hujapanda chochote, kwanza jiulize mbona pale mikoko haijaota yenyewe, manake bahari inaleta mbegu bure kila msimu, ikiwa haioti kuna kitu, pengine maji yamezibwa njia na kifusi, pengine mbuzi, pengine chumvi imezidi. Kuna mahali petu tulichimbua mfereji tu wa hatua kama arobaini maji yakapita, hatukupanda hata mche mmoja, baada ya miaka miwili mchu ukawa umejaa kama mchicha. Hapo hapakupigwa picha.

Basi tukaanzisha kitalu chetu wenyewe. Hapo ndo pesa ilipo, kupanda ni kibarua tu. Tulikuwa kumi na tisa, wengi akina mama, na karibu sote hatuna ardhi, ni maskwota au wapangaji wa mashamba ya watu. Kitalu cha mikoko kizuri kwa kitu kimoja, unakiweka pale maji yanapofika na kurudi, bahari inamwagilia yenyewe, na hapana mtu atakuletea risiti ya ijara. Viriba, vile vifuko vya kuoteshea miche, mwanzo tulitumia pakiti za maziwa tulizookota na kuosha. Udongo ni tope la pale pale. Tukawa tunauza mche shilingi kumi na tano, mashirika yanakuja, mahoteli, shule, na mimi nikaanza kulipa karo bila kuuza mihogo ikiwa bado michanga, jambo ambalo mkulima asiye na shamba analijua linavyouma, unang'oa muhogo kidole kwa sababu mwalimu kamrudisha mtoto.

Lakini pesa ya vikundi nayo ina mambo. Mwaka mmoja kampuni moja ikatuagiza miche elfu ishirini kwa mdomo, tukakesha, tukakopa kununua viriba, wakati ulipofika simu haishikwi. Miche ikakua ikatoboa viriba ikaingia mizizi kwenye tope, tukaing'oa kwa nguvu na mingi ikafa. Tangu siku hiyo hatuanzi bila nusu ya pesa mkononi. Tukawa pia na mweka hazina aliyehama ghafla, hilo sitalieleza, ni jirani mpaka leo na tunasalimiana.

Kaa je? Tukasikia kaa koko anauzwa ghali kwa mahoteli ya Nyali, ukimpata mwembamba ukamnenepesha unapata faida. Tukatengeneza kizimba kimoja kikubwa cha mbao na nyavu, tukatia kaa thelathini. Asubuhi ya nne nlikuta kumi na moja na magamba. Wanakulana wale! Hakuna aliyetwambia kaa lazima kila mmoja awe na chumba chake kama abiria wa meli, haswa akibadilisha gamba, pale ni laini na wenzake wanajua. Tukagawanya vizimba vya vyumba vidogo vidogo, sasa inakwenda, si utajiri, ila wiki ambayo hakuna miche kuna kaa.

Nyuki ndo nlowapenda. Mizinga tuliitundika kwenye mchu mkubwa, mchu ukitoa maua nyuki hawana habari na kwengine. Asali yake watu wanaigombania, wenyewe wanasema ina chumvi kwa mbali, mimi ulimi wangu ushazoea sijui. Lakini faida kubwa haikuwa asali. Wale vijana wa panga, na nawajua manake nlikuwa mmoja wao, hawakati mti wenye mzinga karibu. Tulizunguka na barua za onyo mwaka mzima hazikufanya kazi ambayo mizinga sita ilifanya kwa wiki. Na nikiri, tulianza kuitundika kwa kufuata njia zao, si kwa kufuata maua.

2015 tulipelekwa Gazi kule Kwale kuona wenzetu wa Mikoko Pamoja. Wao tangu 2013 wanauza hewa ya ukaa, yaani wanalipwa kwa ile hewa chafu ambayo mikoko inaivuta na kuishika, msitu wa hekta 117, pesa inaingia kwenye maji ya kijiji na shule na watu wanakaa baraza wanaamua ya mwaka huu itumike wapi. Nlirudi moto, nikasema na sisi tutauza hewa. Halafu nikakaa nikafikiri. Gazi ni kijiji kimoja, watu wanajuana. Sisi tuko katikati ya jiji, maji machafu ya mitaa yanateremka kwenye bahari ile ile, mto Kombeni unaleta tope, mito ya taka inaleta taka, ingawa mifuko ya plastiki tangu ipigwe marufuku 2017 imepungua kwa kweli, zimebaki chupa na pampasi. Anayekata kwetu unaweza usimjue anatoka mtaa gani. Kwa hivo dawa ya Gazi si lazima iwe dawa ya Tudor, na watu wanaotuletea semina za hewa ya ukaa kila mwaka huwa nawasikiliza, nakula chai, narudi kwenye kitalu.

Swali lililonisumbua ni jengine. Mikoko yote ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, wakati wa mkoloni. Yaani mimi niliyeng'olewa mvinje kumi na mbili kwa sababu mti ni ushahidi, nimepanda mikoko sasa hesabu imenipotea, na hakuna hata mmoja wangu. Nikikata fito moja ya mti nlopanda kwa mkono wangu ni kosa. 2018 marufuku ya ukataji ilipotoka kuna wenzetu walikata tamaa kabisa wakasema tunalelea watu mtoto. Jibu ninalolijua ni moja tu na halikunifurahisha sana mwanzo. Sheria ya misitu ya 2016 inasema jamii ikijiunga kwenye chama cha msitu, CFA, ikaandika mpango na kutia sahihi makubaliano na shirika la misitu, KFS, inapata haki ya kutumia. Haki ya asali, kuni kwa utaratibu, miche, wageni. Unatumia tu, umiliki hapana. Vikao vyake vilitumaliza miguu, leo hati hii, kesho muhuri ule, na safari zote nauli yetu. Lakini ile karatasi nina nakala yake nyumbani kwenye mfuko wa nailoni, na ni karatasi ya kwanza maishani mwangu yenye neno msitu au ardhi na kundi langu kwa pamoja.

Na nlikuja kuona kazi yake. 2021 lile shamba la mihogo likauzwa, likakatwa viwanja. Tukapewa mwezi mmoja. Sikuwa na mti wa kuonyesha, sikuwa na fidia, mihogo nikang'oa yote kwa siku mbili nikauza soko la Kongowea kwa bei ya kutupa, nikahamia chumba cha kupanga Mishomoroni. Miaka ishirini imetoka kwenye mkokoteni mmoja. Lakini asubuhi yake nikashuka kule chini nikakuta kitalu kiko pale pale, vizimba viko pale pale, na wenzangu wanajaza viriba kama hapakutokea kitu. Nikalia hapo kwenye tope, nikafuta uso, nikajaza viriba.

Sasa yule alonunua kiwanja cha mwisho kabisa, kile kinachogusa mikoko, mwaka juzi akaanza kuleta malori ya kifusi ajaze apate hatua kumi na tano zaidi baharini. Kifusi kikateremka juu ya mchu wetu wa miaka kumi. Nikaenda na kanga yangu na viatu vya mpira mpaka pale alipo na fundi wake. Akaniuliza kwa heshima tu, "Mama, kwani wewe ni nani hapa?" Nikamwambia, "Mimi ndo nlopanda." Akatazama mikoko, akatazama mimi, akamtazama fundi. Sijui alielewa nini lakini alikuwa mtu wa Pwani, nadhani alielewa.

Foresta, afisa wa KFS, alikuja mchana ule ule, nlimpigia na makubaliano yako mkononi, malori yakasimama. Kifusi chenyewe hakikuondolewa, anaambiwa aondoe, anasema ataondoa. Michu thelathini na nane iko chini yake, tumeihesabu. Pembeni mwake tumeshachimba njia ya maji kwa majembe, bamvuo ya mwezi mwandamo huu tunaona kama yatapita, yakipita nina viriba mia sita vinangoja.